Kalamu na Chapa Mjini Dar es Salaam

Leo nataka kuwaeleza habari za watu ambao kazi yao mnaijua lakini taabu yao hamkuiona, yaani watungaji wa vitabu vya Kiswahili, na jinsi walivyohangaika ili maandiko yao yapate kupigwa chapa. Nitasema hasa habari za Dar es Salaam, maana ndipo njia zao nyingi zilipokutana, ingawa wengine hawakuwa wenyeji wa hapo.

Tuanze na mahali penyewe. Mtu akitoka Mnazi Mmoja akashika Mtaa wa Uhuru, ambao zamani uliitwa Kichwele, akaelekea Kariakoo, ataona maduka ya kanga yamepangana mkono wa kuume na wa kushoto. Kila kanga ina maneno yake, na maneno hayo husomwa na watu wengi kuliko shairi lo lote lililopata kuandikwa katika nchi hii. Lakini ulizeni ni nani aliyeyatunga, na alilipwa kiasi gani. Hapana ajuaye. Jina la Kariakoo lenyewe lina habari ya namna hiyo hiyo. Waingereza walipoutwaa mji katika mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya kwanza, wapagazi wao walipiga kambi pale, na kikosi chao kikaitwa Carrier Corps. Ulimi wa wenyeji ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Wapagazi walibeba mizigo ya vita wakafa kwa maelfu, na majina yao wengi hayakuandikwa po pote. Nayasema haya mapema kwa sababu swali la mazungumzo haya ni lilo hilo: nani huifanya kazi, na nani huliweka jina lake juu yake.

Kabla ya kuendelea, yafaa tutenge kazi mbili ambazo watu huzichanganya. Mpiga chapa ni fundi. Ukimpa karatasi na fedha atakupigia nakala kadiri uzitakazo, mia au elfu, wala hajali kama maneno yako ni hekima au upuzi. Mtoa vitabu, ambaye siku hizi twamwita mchapishaji, ni mtu mwingine. Yeye ndiye asomaye mswada, akaukubali au akaukataa. Ndiye atoaye fedha yake kumlipa mpiga chapa. Ndiye apelekaye vitabu madukani na shuleni. Na mwisho ndiye amgawiaye mtungaji sehemu yake, ambayo kwa desturi huwa kama sehemu ya kumi ya bei. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi mbili. Mtungaji hupata senti ishirini kwa kila nakala. Zikiuzwa nakala elfu, amepata shilingi mia mbili, na nakala elfu huenda zisiuzwe kwa miaka mitatu.

Basi, Dar es Salaam haikukosa wapiga chapa hata siku moja. Wadachi walikuwa na gazeti lao mjini tangu mwaka 1899. Baada yao Waingereza waliweka kiwanda cha chapa cha Serikali, na Wahindi nao walikuwa na mitambo yao, wakipiga magazeti ya Kigujarati na ya Kiingereza. Mashine zililia mchana kutwa. Aliyekosekana ni yule wa pili, mtu wa kuweka fedha yake juu ya kitabu cha Mwafrika akangoja miaka mitatu.

Kwa muda mrefu mlango uliokuwa karibu ulikuwa mmoja tu, nao ni gazeti la Mambo Leo. Idara ya Elimu ya Tanganyika ililianzisha katika mwaka 1923, likatoka mwezi kwa mwezi kutoka Dar es Salaam. Lilikuwa gazeti la Serikali, na habari zake nyingi zilikuwa za kilimo, afya, shule na mambo ya dunia. Lakini lilitoa nafasi kwa barua na mashairi, na hapo ndipo watu walipoingia. Karani wa Tanga, mwalimu wa Dodoma, mfanya biashara wa Tabora, kila mmoja alikaa na kibatari chake usiku akapanga vina, akatia bahasha stempu, akapeleka Dar es Salaam, kisha akangoja. Shairi likitoka, rafiki zake walilisoma kwa sauti barazani. Likijibiwa na mshairi mwingine mwezi uliofuata, furaha ilizidi, hata kama lilikuwa limetukanwa. Watu kama Shaaban Robert, Mathias Mnyampala, Amri Abedi na Saadani Kandoro, ambao baadaye majina yao yalijulikana katika Afrika ya Mashariki yote, walipita katika kurasa hizo.

Ni shule kubwa ile, wala sitaki mtu aidharau. Hata hivyo gazeti si kitabu. Mwezi ukiisha, karatasi yake hufungiwa karanga sokoni. Mtungaji aliyetaka maneno yake yakae, wajukuu wake wapate kuyasoma, ilimlazimu kutafuta mlango wa mbali. Na mbali ilikuwa mbali kweli, maana kampuni zilizotoa vitabu vya Kiswahili zilikuwa London.

Mwaka 1925 Serikali ya Tanganyika, wakati wa Gavana Sir Donald Cameron, iliitisha mkutano wa elimu Dar es Salaam, na shauri la kuwa na Kiswahili kimoja cha kuandikia shuleni likazungumzwa. Mwaka 1928 watu wakakutana tena Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi. Kisha mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya nchi nne, Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, na katibu wake wa kwanza akawa Bwana Frederick Johnson. Kazi yake ilikuwa kusanifisha tahajia, kutengeneza kamusi, na kuvichungua vitabu vilivyotakiwa kutumiwa shuleni. Johnson mwenyewe alifasiri vitabu vya Kiingereza, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani, kilichotoka 1929. Kamusi kubwa ya Kamati ilitoka 1939, naye alikuwa amekwisha kufa.

Sasa yatazameni mambo haya kwa jicho la mtungaji. Mchapishaji wa London alipoletewa mswada wa Kiswahili aliuliza maswali mawili tu. La kwanza, je, shule zitakinunua? La pili, je, Kamati imekikubali? Naye alikuwa na haki ya kuuliza, kwa kuwa wanunuzi wengine walikuwa wachache sana, na kabla ya kuwapo tahajia moja kitabu cha Unguja hakikuweza kuuzwa sana bara. Kamati iliupanua uwanja wa kitabu, na hilo ni jema lisilokanika. Lakini ilileta jambo la ajabu pia. Mtu aliyenyonya Kiswahili pamoja na maziwa ya mama yake alipeleka maneno yake yakasahihishwe na watu waliojifunza lugha hiyo ukubwani. Pengine masahihisho yalikuwa ya kweli. Pengine yaliondoa utamu wa sentensi yakaacha mifupa. Mtungaji alikuwa na hiari ya kukubali, au kukaa na mswada wake ndani ya sanduku.

Wachache walipita. Martin Kayamba, Mbondei aliyekuwa karani mkuu Tanga, alikwenda Uingereza mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, akaandika habari za safari hiyo. Kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, kilitolewa London na Sheldon Press mwaka 1932. Kampuni hiyo hiyo ikatoa Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela wa Kenya mwaka 1934. Sheldon ilikuwa kampuni ya jumuiya ya Kikristo ya kueneza vitabu, na wote wawili walikuwa watu waliosomeshwa na misheni. Sisemi hivyo kuwapunguzia sifa. Nasema tu kwamba mlango wa mbali ulifunguka upesi zaidi kwa mtu aliyejulikana na wenye funguo.

Mtu mmoja wa Dar es Salaam aliona kwamba kungoja hakufai. Huyu ni Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda, mwenye duka mjini, ambaye mwaka 1934 alikuwa kiongozi katika kuunda chama cha Waafrika cha kusaidiana na kufanya biashara. Tarehe 18 Novemba 1937 alitoa gazeti lake, Kwetu. Lilikuwa gazeti la kwanza katika Tanganyika lililomilikiwa na Mwafrika. Fiah alikuwa mwenye mali, mwenye kalamu na mwenye kutafuta matangazo ya biashara, yote kwa kichwa kimoja. Aliandika juu ya mishahara, bei za vitu, kodi, na dharau waliyofanyiwa Waafrika, akapokea barua ambazo Mambo Leo lisingeweza kuzitoa.

Fikirini taabu yake. Gazeti la Serikali lililipiwa na hazina. Gazeti la Mzungu lililipiwa na matangazo ya makampuni makubwa. La Fiah lililipiwa na senti za watu ambao wengi wao walisoma nakala moja kumi kwa pamoja. Ndiyo sifa ya wasomaji wetu, wasikilizaji, na ndiyo hasara ya mwenye gazeti! Vita ya pili ilipokuja, karatasi ikawa haba duniani kote. Hata hivyo Kwetu liliendelea kwa shida mpaka mwanzo wa miaka ya 1950. Wengine walimfuata, kama Ramadhan Mashado Plantan na gazeti lake la Zuhra baada ya vita. Na kulikuwa na hatari nyingine isiyo ya fedha. Mwaka 1958 Julius Nyerere alishtakiwa kortini Dar es Salaam kwa maneno aliyoandika katika Sauti ya TANU juu ya mabwana shauri, akatozwa faini ya shilingi 3,000.

Sasa nataka kukaa kidogo kwa Shaaban Robert, maana katika habari zake mtaona yote niliyoyasema yamekutana katika maisha ya mtu mmoja.

Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, akasoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, kijana wa pwani katika mji uliokuwa bado unajijenga baada ya vita. Alipomaliza aliingia ukarani wa forodha, akakaa Pangani miaka mingi, baadaye akahamishwa Mpwapwa, kisha akarudi Tanga. Mchana alikuwa mtu wa daftari za Serikali. Vitabu vyake aliviandika nje ya saa za kazi, kwa mshahara wa karani, akiwa na watu wa kuwalisha.

Mashairi yake yalitoka katika Mambo Leo, na jina lake likaenea. Lakini alipotaka vitabu, aliandika barua pande zote za dunia. Mkusanyo wake wa Pambo la Lugha ulitolewa Johannesburg, na chuo kikuu cha Witwatersrand, katika miaka ya mwisho ya 1940. Hebu litazameni jambo hili. Mshairi Mswahili wa Tanga alipata mtu wa kumtolea mashairi yake ya Kiswahili huko Afrika ya Kusini, ambako wenye kusema Kiswahili walikuwa wachache mno, kabla ya kumpata Dar es Salaam. Kusadikika kilitolewa na Nelson wa Uingereza mwaka 1951. Adili na Nduguze kikatolewa na Macmillan, London, mwaka uliofuata.

Hivyo ni vile vilivyopata bahati. Kufikirika alikiandika mwaka 1946. Kilitoka mwaka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, utenzi mrefu juu ya vita ya pili ya dunia, aliutunga vita ikiendelea na ilipokwisha. Nao ulitoka mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vilitoka 1968. Mwenyewe alikufa Juni 1962. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa mwaka ule Kufikirika kilipoandikwa alikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na mmoja kilipotoka, na mtungaji alikuwa na miaka mitano kaburini.

Mimi niliwahi kungoja miezi kumi na minne jibu la mswada mdogo wa hadithi za watoto, kwa wachapishaji ambao sitawataja, na jibu lilipofika lilikuwa mistari miwili. Siku zile nilijiona mtu aliyeonewa kuliko wote. Baadaye nilipoihesabu miaka ya Kufikirika nikaona haya.

Lakini Shaaban hakukaa akingoja tu. Aliingia katika Kamati ya Lugha na kuwa mmoja wa wajumbe wake, akakaa upande wa pili wa meza, pale misahihisho ilipotoka. Wasifu wake wa Siti binti Saad, mwimbaji mashuhuri wa Unguja aliyekufa 1950, ulitoka mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati hiyo. Na miaka yake ya mwisho alijaribu kufanya alivyofanya Fiah. Alianza kutoa vitabu vyake mwenyewe hapo Tanga, na juu ya vitabu hivyo, kama Insha na Mashairi na Masomo yenye Adili, palipigwa chapa jina la kampuni yake, Art and Literature. Karani aliyekaribia kustaafu aligeuka kuwa mtoa vitabu kwa akiba yake. Kazi ile haikumtajirisha, wala hakupewa muda mrefu wa kuifanya.

Watu husema alinyimwa kwa sababu ya rangi yake. Limo neno la kweli, kwa kuwa wenye kuamua walikuwa Wazungu na walikuwa mbali. Lakini mimi naona hesabu ya fedha ilifanya kazi kubwa zaidi. Kitabu chembamba cha hadithi ya adili kingeweza kuwekwa shuleni, basi kikapata njia. Utenzi wa beti maelfu juu ya Hitler na Mussolini, nani angeununua? Mchapishaji aliyetazama daftari lake alisema hapana, na kwa daftari lake hakukosa. Shida ni kwamba hapakuwa na mtu mwingine mwenye daftari la namna nyingine, ambaye angesema, hasara hii naichukua kwa ajili ya lugha.

Serikali za Afrika ya Mashariki ziliona upungufu huo, ndipo mwaka 1948 likaundwa Shirika la Vitabu la Afrika ya Mashariki, makao yake makuu Nairobi, na mkuu wake wa kwanza Bwana Charles Richards. Hili lilileta mlango karibu kidogo. Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha Amri Abedi ambaye baadaye alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, kilitoka kwa Shirika hilo mwaka 1954. Katika mashindano yake ya hadithi ya 1957 na 1958 alishinda Muhammed Said Abdulla wa Unguja, na Mzimu wa Watu wa Kale kikatoka 1960. Wasomaji wakaanza kumfuata Bwana Msa na kiko chake. Faraji Katalambulla alitolewa Simu ya Kifo mwaka 1965, na vijana wa Dar es Salaam wakasoma habari za mauaji na upelelezi katika mitaa waliyoijua kwa miguu yao. Kwa mara ya kwanza kitabu cha Kiswahili kilinunuliwa na mtu ambaye hakuagizwa na mwalimu.

Baada ya Uhuru wa 1961 mji ukataka kuwa na nyumba yake. Mwaka 1966 ikaundwa Tanzania Publishing House, mali ya taifa kwa ubia na Macmillan, na ofisi yake ikawa katikati ya mji, katika barabara ambayo sasa ni ya Samora. Walter Bgoya aliishika tangu 1972. Mwaka huo huo, kwa kushirikiana na wachapishaji wadogo wa London, ilitoa kitabu cha Walter Rodney, aliyekuwa mwalimu wa Chuo Kikuu hapo hapo, juu ya Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kikasomwa dunia nzima. Kwa Kiswahili ilitoa Kasri ya Mwinyi Fuad cha Shafi Adam Shafi mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Sasa mtungaji aliweza kupanda ngazi kwa miguu yake akamwuliza mhariri, bwana, mswada wangu umefika wapi? Jambo hilo laonekana dogo. Mtu aliyekaa miaka miwili akingoja meli ya barua hawezi kuliona dogo.

Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na Shirika la Vitabu likavunjika pamoja nayo. Mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, haukufunguliwa mpaka 1983. Vitabu vingi vya Watanzania vilikuwa vimepigwa chapa upande wa pili, na sasa havikuvuka. Mtungaji aliweza kuwa na kitabu kinachosomwa Nairobi, naye Kariakoo asipate nakala moja ya kumwonyesha mwanawe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya ukata. Karatasi ilikosekana kama sabuni na sukari. Hapo ndipo watungaji wa hadithi za mapenzi na upelelezi walipozidi kufanya lile ambalo nyumba kubwa hazikulifanya. Walikopa fedha, wakatafuta karatasi, wakamlipa mpiga chapa, wakabeba vitabu kwa mafungu mpaka kwa wauza magazeti wa Kariakoo, wa vituo vya basi na wa mitaa ya mjini. Vilikuwa vitabu vyembamba, jalada lenye picha ya bastola au ya msichana, herufi mara nyingine zimeota wino. Wasomi wakavicheka. Ben Mtobwa alikuwa mmoja wao, akaanzisha nyumba yake ya Heko, na Dar es Salaam Usiku kilitoka huko mwaka 1990. Kitabu hicho baadaye kilitolewa tena Nairobi na kufasiriwa kwa Kiingereza. Yaani wale wa mbali ndio waliokuja kubisha hodi kwake.

Ila mwuzaji wa barabarani hana hati. Huchukua vitabu kwa amana, akauza, na fedha ikiisha kwa chakula cha watoto, humwambia mtungaji, njoo Jumamosi. Tena kitabu kikipendwa, mtu mwingine hukipiga chapa kwa siri, mtungaji akakikuta kinauzwa chini ya jina lake na yeye hakupata senti. Sheria ya hakimiliki ya 1999 iliweka chombo cha kuwalinda watungaji, COSOTA, kwa kifupi chake. Kumshika mwizi wa kitabu katika umati wa Kariakoo ni kazi nyingine.

Ya karibuni nitayataja upesi, kwa kuwa wengi mmeyaona. Bgoya alianzisha nyumba yake, Mkuki na Nyota, mwaka 1991. Mwaka huo pia ulianza Mradi wa Vitabu vya Watoto, uliowaahidi wachapishaji kununua nakala elfu tatu katika kila elfu tano walizopiga, na kuzipeleka shuleni. Ndilo lile daftari la namna nyingine nililolitafuta zamani za Shaaban, ingawa lilikuwa kwa watoto peke yao. Mwaka 2022 Mkuki na Nyota ilitoa Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yenyewe, ambayo habari zake ni za pwani yetu, ilitoka London kwa Kiingereza mwaka 1994. Ilichukua miaka ishirini na minane kurudi nyumbani.

Vitabu vya Shaaban Robert navyo vimerudi, vikapigwa tena na Mkuki na Nyota hapo Dar es Salaam, na mtaa ulio mbele ya Makumbusho ya Taifa umeitwa kwa jina lake. Ndugu yake mdogo, Yusuf Ulenge, alikuwa amezihifadhi barua alizoandikiwa na kaka yake tangu 1931 hata 1958. Ndani yake mna habari za nyumbani, za kazi, za vitabu, na za hamu ya kuviona vikitoka. Barua hizo nazo zilikaa ndani ya sanduku muda mrefu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilizitoa kuwa kitabu mwaka 2002, miaka arobaini baada ya yeye kufa.